Muite elki ukiwa nyuma ya mwanao

Ukienda na mtoto kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa upinde kwenye milima ya Colorado, Marekani, mwezi Septemba, wakati madume yanalia kutafuta majike, msikae pamoja. Mtoto mwenye upinde atangulie, wewe mwenye filimbi ya kuitia ubaki nyuma yake kama mita 30 au 40, mradi bado unamwona. Dume huifuata sauti, na macho yake huwa kule inakotokea. Likija kukutafuta wewe, linampita mtoto kwa karibu, ubavu wazi. Msogeze pia kidogo upande ule upepo unakoelekea, maana dume mjanja huzungukia huko ili linuse kwanza.

Tena upepo wenyewe haukai. Alfajiri hewa hushuka bondeni, jua likishapasha mteremko inapanda. Beba kichupa cha unga laini, minya kidogo, tazama unapeperukia wapi. Upepo ukigeuka, hameni papo hapo. Elki akishanusa binadamu, basi tena.

Sheria ya huko inataka upinde wenye nguvu ya kuvuta isiyopungua ratili 35, kwa hiyo mzoeze kuuvuta nyumbani, hata akiwa amepiga magoti. Na mshale ukishapiga, mzuie asikimbilie damu: kaeni kimya nusu saa nzima.