Mstari wa mlalo kwenye ukurasa wa wavuti: futa mpaka kwanza

Ukiandika `<hr>`, lebo ya HTML ya mstari wa mlalo, bila kuongeza kitu, kivinjari hakichori mstari hasa. Kinachora kisanduku chenye kimo sifuri, kilichozungushiwa mpaka (`border`) wa kijivu wa pikseli 1 wa aina ya `inset`, yaani unaoonekana kama umezama. Unachokiona ni mpaka wa juu na wa chini vilivyogusana. Ndiyo maana kwenye CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa, ukiweka `background: red` peke yake huoni wekundu wowote, kwani ndani hamna pa kupaka rangi. Ukiongeza `height: 4px`, unapata mstari mwekundu wenye fremu ya kijivu.

Futa mpaka wote, kisha chora upande mmoja tu:

```
hr {
  border: 0;
  border-top: 1px solid #bbb;
  margin: 2rem 0;
}
```

Usigeuze mpangilio huo. `border: 0` ikija baada ya `border-top`, mstari unafutika.

Kwa vistari tumia `dashed`, kwa nukta `dotted`. Nukta zipe unene wa `3px` hivi, la sivyo hazionekani vizuri. `double` nayo inahitaji angalau `3px`: mstari, uwazi, mstari. Kwa mstari mfupi wa katikati, weka `width: 40%` na `margin: 2rem auto`.

Mstari unaofifia kwenye ncha hutengenezwa kwa mandharinyuma:

```
hr {
  border: 0;
  height: 1px;
  background: linear-gradient(to right, transparent, #888, transparent);
}
```

Unapendeza, lakini una kasoro: vivinjari kwa kawaida havichapishi mandharinyuma, hivyo kwenye karatasi mstari hupotea. Ndani ya `@media print`, yaani kanuni za wakati wa kuchapisha tu, rudisha `border-top`. Kwa kurasa ambazo watu huzichapisha mara kwa mara, afadhali kubaki na mpaka tangu mwanzo.

Ukitaka alama katikati ya mstari kwa `hr::before` (kipande ambacho CSS hukiongeza ndani ya `hr`), andika pia `overflow: visible`. Bila hivyo alama hukatwa, maana chaguo-msingi ni `hidden`.

Tatizo linalosumbua wengi ni mstari kutoweka ndani ya kisanduku cha `display: flex` chenye `flex-direction: column`, yaani kinachopanga vitu kutoka juu kwenda chini. Chanzo ni pambizo (`margin`) za kushoto na kulia, ambazo kwa chaguo-msingi ni `auto`: zinameza nafasi yote na upana unabaki sifuri. Kanuni ya kwanza hapo juu haina shida hiyo, kwa sababu pambizo zake za pembeni ni 0. Ule mstari unaofifia unayo. Uongezee `width: 100%`.

Sifa za zamani kama `size`, `noshade` na `align` zimepitwa na wakati. Kazi zake zote hufanywa na CSS. Usiiweke `<hr>` ndani ya `<p>`, kwani kivinjari hufunga aya papo hapo. Pia visoma-skrini huweza kuitangaza kama kitenganishi, kwa hiyo itumie pale mada inapobadilika. Kama unataka pambo tu chini ya kichwa cha habari, kipe kichwa chenyewe `border-bottom`.