Kwa mliozaliwa Januari

Kama ulizaliwa Januari, usilazimishe sherehe siku yenyewe. Huko Ulaya wenzetu wa mwezi huu wanalalamikia theluji. Hapa Mwanza jua linawaka vizuri tu, ila mifuko imetoboka. Ada, sare, kodi ya nyumba, na Krismasi imeshakula kilichokuwepo. Ukialika watu tarehe 5 watakuja wachache, tena kwa aibu, mikono mitupu.

Sogeza hadi tarehe 12. Ni Sikukuu ya Mapinduzi, wengi hawaendi kazini, na ni nadra kumkuta mtu ana ratiba ya maana siku hiyo. Fanya mchana. Asubuhi na mapema nenda mwaloni Kirumba ukachague sato mwenyewe: funua mashavu, yakiwa mekundu na jicho limetuna, chukua, yakiwa yamepauka, pita. Wakaange wazimawazima, songa ugali, kata kachumbari yenye ndimu, basi. Dagaa nao wanafaa, lakini tazama mwezi kwanza. Wavuvi huwavua kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka huadimika na bei hupanda.

Keki? Mimi naona iachwe (watoto watanuna, najua). Zawadi usidai, kila mtu aje na soda yake. Shangazi na wajomba wanaopenda kuchangia waambie wasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi, hakuna atakayekataa.