Kusoma uchumi jumla ngazi ya uzamili ukiwa Mombasa: modeli hutatuliwa, haisomwi

Uchumi jumla (macroeconomics) wa shahada ya kwanza ni michoro: mkunjo mmoja unahama, mwingine unajibu, unahesabiwa maksi. Ukiingia uzamili michoro inakwisha wiki ya kwanza, na mahali pake inakuja kaya moja yenye maisha yasiyo na mwisho ikipanga matumizi yake. Wanaokwama hapo mara nyingi uchumi wanaujua vizuri. Kosa lao ni kusoma modeli kama wanavyosoma gazeti, hali kila mstari ulioandikwa “ni wazi kwamba” una kurasa mbili za hesabu zilizofichwa chini yake.

Kabla masomo hayajaanza, tenga wiki sita za hesabu tupu. Unachohitaji si kingi: kutofautisha kwa sehemu, kizidishi cha Lagrange (cha kutafuta kilele chini ya kikomo), logi na upanuzi wa Taylor wa daraja la kwanza, matriksi na thamani zake aigeni (eigenvalues), na wastani wenye masharti kutoka somo la uwezekano. Ithibati ndefu za topolojia zisubiri.

Kisha chukua modeli ya ukuaji wa uchumi ya Solow ya 1956, uitie namba. Weka α = 1/3 (pato ni mtaji kwa kipeo cha α), akiba s = 0.2 ya pato, na jumla ya ongezeko la watu, ukuaji wa teknolojia na uchakavu wa mtaji iwe 0.10. Mtaji wa hali tulivu, yaani pale unapoacha kubadilika, ni (0.2 ÷ 0.10) kwa kipeo cha 1.5, yaani 2.83, pato ni 1.41 na matumizi 1.13. Pandisha akiba hadi 0.5. Pato linaruka hadi 2.24, lakini matumizi yanashuka kuwa 1.12: watu wanajinyima zaidi na wanakula kidogo kuliko mwanzo. Kilele cha matumizi kiko pale s inapolingana na α. Halafu tafuta kasi ya kuikaribia hali tulivu: (1 − α) × 0.10 ni 0.067 kwa mwaka, kwa hiyo nusu ya pengo hufungika kwa miaka kumi na ushei. Asiyeweza kutoa namba hizi bila kitabu asivuke.

Mlango wa kweli ni mlinganyo wa Euler, unaopima matumizi ya leo dhidi ya kesho, na hapa ndipo pa kukaa siku nyingi. Mfikirie mama anayeuza nyanya soko la Kongowea. Ana shilingi mia: aitumie leo, au aongeze bidhaa ili kesho irudi na faida r? Ikiwa kuhamisha shilingi moja kutoka leo kwenda kesho bado kunampa nafuu, basi hajafika kwenye mpango bora. Akifika, utamu wa shilingi ya mwisho leo unalingana na utamu wa kesho, ukizidishwa kwa (1 + r) na kwa kigezo cha subira β. Utamu ukiwa ni logi ya matumizi, hii inakuwa fupi: matumizi ya kesho ukigawa kwa ya leo ni β(1 + r). Kwa β = 0.96 na r = 0.10, matumizi yanakua kwa 5.6%. Uandike mlinganyo huu kwa njia ya Lagrange, kisha kwa njia ya Bellman (inayogawa tatizo kuwa leo na thamani ya siku zote zijazo), mpaka majibu mawili yawe kitu kimoja mkononi mwako.

Kosa linaloua maksi nyingi hapa ni alama za wakati. Mtaji wa kesho huamuliwa leo, lakini faida yake hupatikana kesho, kwa hiyo r ndani ya mlinganyo ni ya kipindi kijacho. La pili ni kusahau sharti la mwisho wa safari, linalokataza kurundika mtaji milele bila kuutumia. Njia nyingi hutimiza Euler. Nyingine humaliza mtaji, nyingine huurundika huku matumizi yakienda sifuri. Sharti hilo ndilo linalobakiza njia moja.

Kwenye kompyuta, anza na modeli yenye jibu linalojulikana. Utamu ukiwa ni logi ya matumizi na mtaji ukichakaa wote kwa kipindi kimoja, mtaji wa kesho ni αβ mara pato la leo. Kwa α = 1/3 na β = 0.96 kaya inaweka 32%, na hali tulivu ni 0.181. Andika programu ya kurudiarudia mlinganyo wa Bellman kwa Octave au Python, zote ni za bure, kwenye gridi ya mtaji ya pointi 200 kati ya 0.05 na 0.40. Kila mzunguko huzidisha kosa kwa β, kwa hiyo kulipunguza mara milioni kunataka mizunguko kama 340. Ukiweka β = 0.99 ya modeli ya robo mwaka, itakuwa karibu 1,375. Programu haijaganda, iache. Mchoro wa uamuzi (mtaji wa kesho kwa kila mtaji wa leo) ukitoka kama ngazi, pointi za gridi yako ni chache. Ukipata logi ya namba hasi, umeruhusu mtaji wa kesho uzidi pato. Na hifadhi kazi kila baada ya muda, maana stima za Pwani hazikuarifu.

Ukifika modeli zenye bei nzito (zisizobadilika upesi) na benki kuu, utatumia Dynare, programu ya kutatua modeli za aina hii, inayofanya kazi ndani ya Octave. Ikilalamika kuhusu masharti ya Blanchard na Kahn, yaani masharti ya modeli kuwa na jibu moja tu, tazama kwanza mtaji: ule unaotumika katika uzalishaji kipindi hiki uliamuliwa kipindi kilichopita, kwa hiyo huandikwa k(-1). Halafu tazama kanuni ya riba, inayosema benki kuu inabadilisha riba kiasi gani bei zikipanda. Jaribu makusudi kuweka jibu la riba kwa mfumuko wa bei kuwa 0.9 badala ya 1.5. Riba ikipanda kidogo kuliko bei, riba halisi inashuka, watu wanazidi kununua, na modeli inakosa jibu moja. Ukiingiza lengo la mfumuko wa bei la Benki Kuu ya Kenya, 5% na nafasi ya 2.5 juu na chini, kumbuka ni la mwaka; riba ya 10% kwa mwaka ni kama 2.4% kwa robo.

Takwimu za pato la taifa za KNBS, shirika la takwimu la Kenya, zina mtego wake. Robo za mwaka hupanda na kushuka kwa msimu wa kilimo. Ondoa msimu kwanza, ndipo utumie kichujio cha Hodrick na Prescott (kinachotenga mwelekeo wa muda mrefu na mawimbi ya muda mfupi) chenye kiwango cha ulainishaji 1600, la sivyo mavuno utayaita mzunguko wa biashara. Tena mfululizo wenye mwaka wa msingi wa 2009 hauunganishwi moja kwa moja na ule wa 2016, kwani utazaa mruko ambao haukutokea. Chukua viwango vya ukuaji vya mfululizo wa zamani, anzia mwaka ambao zote mbili zinao, urudi nyuma mwaka mmoja mmoja.