Pomeranian na Neno "Hodi": Namna ya Kumfundisha Mbwa Mdogo Anayebweka Sana

Mgeni wa Kigoma haingii uani kimyakimya. Husimama kando, akaita "Hodi!", kisha akangoja aitikiwe "Karibu!" kabla ya kusogea. Kwa anayefuga mbwa wa aina ya Pomeranian, adabu hiyo njema ndiyo inayoanzisha kelele, kwa kuwa mbwa huyo humsikia mgeni kabla ya mwenyeji, na akishaanza kubweka, itikio la mwenyeji halisikiki tena. Mbwa wangu Pamba, ninayeishi naye hapa Mwanga, Kigoma, aliwahi kumfanya mzee jirani aondoke baada ya kuita hodi mara tatu, akidhani hatukutaka kumpokea. Jioni nilipokwenda kumwamkia, aliitikia shikamoo yangu kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Niliona aibu kubwa, na tangu siku hiyo nikaanza kumfundisha Pamba kwa utaratibu ninaoueleza hapa.

Kwanza ni lazima tumwelewe mbwa mwenyewe. Pomeranian aliyekomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 1.5 na 3 hivi, lakini ukoo wake ni wa mbwa wakubwa wa nchi za baridi, wenye masikio yaliyosimama na manyoya ya tabaka mbili, waliokuwa wakivuta sileji (chombo cha kuteleza juu ya theluji) na kulinda mifugo. Jina lake limetokana na Pomerania, eneo la pwani ya Bahari ya Baltiki ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ujerumani. Malkia Victoria wa Uingereza alijipatia Pomeranian aliyeitwa Marco huko Florence, Italia, mwaka 1888, na upendo wake kwa mbwa wadogo wa aina hiyo uliwafanya wafugaji wazidi kulipunguza umbo lao. Mwili ulipungua, ila silika ya ulinzi ilibaki ileile. Ndiyo maana kiumbe kinachoenea kwenye kikapu cha sokoni huthubutu kumvamia mbwa mkubwa wa mtaani, na ndiyo maana ni wajibu wako kumshika kwa kamba kila mtokapo, kwa sababu hajui kwamba yeye ni mdogo.

Tabia yake kwa jumla ni ya uchangamfu, udadisi na wivu kidogo. Humpenda mtu mmoja kuliko wengine, hujifunza upesi, na huchoka upesi akirudishwa kwenye jambo lilelile. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumfanya mwanasesere: anabebwa kutwa, anabweka akiwa mapajani, na watu wanacheka. Mbwa wa kilo 30 akifanya hivyo angekemewa siku hiyohiyo. Mdogo naye anahitaji mipaka, tena mapema, kwa sababu kicheko chenu kwake ni ruhusa.

Kabla ya kutaka anyamaze, sikiliza anabwekea nini. Mlio mkali na wa haraka, mbwa akiwa ameelekea mlangoni, ni wa kutoa taarifa. Mlio mmoja mmoja wenye vituo, macho yakiwa kwako au kwenye sahani, ni wa kudai. Huo usiujibu kwa chakula wala kwa maneno, geuka pembeni hadi akae kimya, na ujiandae kwamba atazidisha kwa siku kadhaa kabla ya kuacha. Atakayekubali siku ya tatu kwa sababu ya kuchoka atakuwa amemfundisha kuwa kelele ndefu ndizo zinazolipa. Mlio wa kurudi nyuma huku mkia umeshuka ni wa hofu, na mbwa mwenye hofu haadhibiwi. Wakati wa masika, mvua inapopiga bati, Pamba hutetemeka na kubweka. Dawa yake imekuwa kumpa kona yenye blanketi mbali na dirisha, kuketi karibu naye, na kuendelea na kazi zangu kwa utulivu.

Ukimpata akiwa bado mtoto, kazi ni nyepesi zaidi. Umri wa kati ya wiki 3 na 14 ndio ambao mbwa huzoea dunia kwa urahisi, na kwa kuwa chanjo zake huwa hazijakamilika, mbebe mikononi badala ya kumweka chini: apite karibu na kituo cha treni asikie honi, aone bodaboda, wanawake wenye ndoo kichwani, wavuvi wa Kibirizi wakipakua, watoto wakitoka shule. Asilazimishwe kusogelea kitu. Aone, apewe kitu kitamu, mrudi nyumbani. Chanjo ya kichaa cha mbwa mwulize daktari wa mifugo, na usiiache ipitwe na wakati.

Kwa zawadi, nimeona hakuna kinachoshinda dagaa wetu. Waoshe mchanga wote utoke, wachemshe bila chumvi wala kitunguu, kisha wakate vipande vidogo kama punje ya mchele, kwani tumbo la mbwa huyu hujaa haraka. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kamwe isifungwe shingoni. Koromeo la Pomeranian ni laini na huweza kusinyaa likivutwa mara kwa mara, akabaki na kikohozi cha kukwaruza. Kwa sababu hiyohiyo, vifaa vya shingoni vinavyotoa mshtuko wa umeme sivikubali hata kidogo.

Neno la kwanza ni "nyamaza". Anapobweka kutoa taarifa, usipige kelele, maana kwake utakuwa umejiunga naye kubweka. Mwache atoe milio miwili au mitatu, nenda alipo, tazama anachokitazama, kisha sema "nyamaza" mara moja kwa sauti ya chini huku kipande cha dagaa kikiwa mbele ya pua yake. Hawezi kunusa na kubweka kwa pamoja. Akishakaa kimya, hesabu mbili moyoni, ndipo umpe. Kesho hesabu tano, keshokutwa kumi. Mazoezi yawe ya dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, na yaishe akiwa bado ana hamu.

Neno la pili ni hilo la mlangoni, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Tandika mkeka mdogo mahali pasipo njia ya wageni, na kwa siku tatu za mwanzo mpe chakula chake hapo ili apapende. Kisha mwombe mtu wa nyumbani aende chumba cha mbali aseme "hodi" kwa sauti ndogo sana. Kabla mbwa hajabweka, dondosha dagaa mkekani. Rudieni mara nane au kumi, na siku zinazofuata sauti ipande taratibu: chumbani, ukumbini, nyuma ya mlango, mwishowe nje uani. Akibweka, mmeharakisha; rudini hatua moja. Baada ya wiki mbili hivi utamwona akisikia neno lile anageuza kichwa, anakuangalia, kisha anakimbilia mkekani mwenyewe. Mwanzoni nilifurahi mno hata nikasahau kumpa zawadi, na siku iliyofuata akabweka kama zamani, kwa hiyo ninasisitiza: kila hodi ilipwe, mpaka tabia ikomae.

Mkeka una faida nyingine katika mji kama wetu. Kwa majirani wengi Waislamu, kitu kikiguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mgeni anayetoka kuswali hapaswi kurukiwa kanzu na mbwa wako, hata awe mdogo na msafi kiasi gani. Mbwa akae mkekani hadi mgeni aketi, na abaki huko ikiwa mgeni hataki kukaribiwa. Swali hilo mwulize mgeni kabla hajaingia.

Wageni wa kweli walete mmoja mmoja, ukianza na anayempenda mbwa na kumalizia na aliye na wasiwasi naye. Mimi nilimwacha yule mzee awe wa mwisho. Nilimweleza nilipomwamkia asubuhi, akakubali, na alasiri akasimama uani akaita hodi mara moja. Pamba alitoa mlio mmoja, akanitazama, akaenda kukaa mkekani, nami nikapata nafasi ya kusema karibu.