Somo: Kumpima dalali wa mizigo anayemilikiwa na kampuni ya reli (Marekani)

Wengi wetu hapa Marekani tulianzia kwenye usukani. Sasa wapo wenzetu walioshuka kwenye lori wakawa wenye mzigo wenyewe, na hao ndio wanaonitumia bei walizopewa na madalali wa reli (watu wa kati wanaokupangia usafiri wa mzigo, kampuni yao ikiwa ya reli): kontena kutoka Los Angeles hadi Chicago kwa pesa inayokufanya uisome barua pepe mara mbili. Bei inaweza kuwa ya kweli kabisa. Ila kabla hujajibu, pitia haya.

Hatua ya 1: Jua reli yake inaishia wapi

Loup Logistics ni tawi la Union Pacific. Thoroughbred Direct Intermodal Services ni la Norfolk Southern. Usikariri majina tu, maana umiliki hubadilika: shughuli za udalali za BNSF Logistics zilinunuliwa na J.B. Hunt, kampuni ya usafirishaji isiyo ya reli, mwaka 2023. Muulize dalali mwenyewe, leo hii, mwenye kampuni ni nani.

Kwa nini nalisisitiza hili? Magharibi kuna Union Pacific na BNSF. Mashariki kuna Norfolk Southern na CSX. Hakuna hata moja kati ya hizo nne ambayo reli yake mwenyewe inatoka Pasifiki hadi Atlantiki. Kwa hiyo Los Angeles hadi Chicago mzigo unaweza kukaa kwenye reli moja mwanzo mwisho, na hapo dalali wa reli hiyo yuko nyumbani kwao. Los Angeles hadi New Jersey ni habari nyingine. Lazima kontena likabidhiwe kwa reli ya pili, mara nyingi Chicago. Wakati mwingine mabehewa yanaunganishwa na safari inaendelea. Wakati mwingine kontena linashushwa, linapandishwa lori, linavuka mji kwenda yadi nyingine na kupandishwa tena. Uliza: "Langu linavukaje?" Akisita, umeshapata jibu.

Hatua ya 2: Umbali na uzito

Chini ya maili 500 hivi, lori kwa kawaida linaishinda reli, maana unalipa lori mbili fupi, moja kila upande, halafu treni katikati. Kuanzia maili 700 hesabu inaanza kuwa tamu. Los Angeles hadi Chicago ni kama maili 2,000, hapo ndipo penyewe.

Uzito huwanasa wengi. Barabarani kikomo cha kawaida ni pauni 80,000 kwa jumla, na kontena la futi 53 pamoja na chesisi yake (fremu yenye magurudumu inayolibeba barabarani) ni zito kuliko trela la kawaida. Kwa hiyo mzigo wenyewe ukizidi pauni 42,000 au 43,000 hivi, anza kuuliza maswali. Treni haitalalamika. Ni lile lori la mwisho litakalosimamishwa, na kwenye mizani hakuna udugu.

Hatua ya 3: Dai bei ya mlango kwa mlango

Hapa ndipo pesa zinapotoroka, tukae kidogo.

Mwaka fulani nilileta paleti za vigae. Kontena likafika yadi ya Joliet, karibu na Chicago, Ijumaa. Taarifa ya kufika haikuja kwangu, ilikwenda kwa dalali, na dalali wangu (simtaji) akaiona Jumatatu. Jumanne lori lake likaenda, chesisi hakuna. Siku za bure zilikuwa zimeshakwisha, na gharama za kuhifadhi nikaletewa mimi. Nilipobisha nikaonyeshwa mstari kwenye mkataba niliousaini bila kuusoma.

Tangu siku hiyo naandika maswali yangu na nataka majibu kwa maandishi: Siku za bure yadini ni ngapi, na wikendi inahesabiwa? Nani anapokea taarifa ya kufika? Chesisi ni ya nani, na kodi yake kwa siku analipa nani? Nyongeza ya mafuta imo kwenye bei au inakuja baadaye? Lori likisubiri ghalani kwangu, saa ngapi ni bure? Na swali kubwa: ikichelewa kwa kosa la upande wao, demareji, yaani gharama ya kontena kukaa kupita siku za bure, ni ya nani?

Hatua ya 4: Leseni na fidia

Ingia tovuti ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia malori na madalali, uangalie kibali chake cha udalali na dhamana ya dola 75,000. Hii ni dakika tano. Lakini dhamana hiyo si bima ya mzigo wako, wengi wanachanganya. Dalali si msafirishaji, na mzigo wa kontena kwenye reli mara nyingi huenda kwa masharti ya reli yenyewe, yenye ukomo wa fidia na muda wa kudai. Omba masharti hayo uyasome. Kama mali ni ghali, kata bima yako mwenyewe.

Hatua ya 5: Jaribu kidogo kwanza

Peleka makontena mawili matatu ya mali isiyo na haraka. Andika saa lilipotoka ghalani na saa lilipofika mlangoni, si saa treni ilipofika. Na ufunge mzigo vizuri: treni husukuma na kuvuta mbele na nyuma, paleti isiyobanwa haifiki ilivyoondoka.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Columbus:* Kaka, mimi nina lori moja. Hawa madalali wanaweza kunipa kazi ya kuvuta kontena kutoka yadini?

*Jibu:* Wanaweza. Kwanza ujiunge na UIIA, mkataba unaoruhusu kampuni yako kuchukua kontena na chesisi za wenyewe, na bima yako ikidhi masharti yao. Soma vizuri sehemu ya uharibifu: tairi bovu usiloliandika unapotoka getini linaweza kuwa lako.

*Mwanachama, Dallas:* Shikamoo. Nikipata kontena la futi 53 kwa bei hiyo, si nilijaze tu liende hadi Mombasa?

*Jibu:* Marahaba. Hapana, dada. La futi 53 ni la safari za ndani ya Amerika Kaskazini. La Mombasa ni futi 20 au 40, na unalipanga kwa wakala wa meli.

*Mwanachama, Minneapolis:* Dalali wa reli si ataisifia reli ya bosi wake tu?

*Jibu:* Ataanza nayo, ndiyo. Faida yake ni kwamba makontena na nafasi kwenye treni viko karibu naye. Ndiyo maana mimi huomba bei tatu za njia moja, siku moja: yake, ya kampuni isiyo ya reli kama Hub Group au J.B. Hunt, na ya lori la moja kwa moja. Mwezi uliopita lori ndilo lililoshinda.