Kutengeneza filme ya babandi ba Far West huku Lubumbashi, lakini ya kweli

Bandugu, mukitaka filme ya Far West (magaribi ya Amerika ya zamani) yenye mwalimu wa historia hawezi kuikatala, musianze na kofia wala farasi, muanze na mutu mwenye alikuwa kweli. Mie ningemuchagua Bass Reeves. Alizaliwa mutumwa mu 1838, na kuanzia 1875 akakuwa naibu wa marshali (polisi wa serikali ya Amerika) chini ya juji Isaac Parker wa Fort Smith, kazi yake kufwata babandi mu ile inchi yenye leo inaitwa Oklahoma. Mu 1902 mutoto wake mwenyewe aliua bibi mwenye huyo mutoto alioa, na Reeves, baba yake, njo alienda kumukamata. Senario si iko tayari hapo! Tena mutu mweusi juu ya farasi haiko kitu ya kubuni, ba-cowboy beusi na ba Meksiko balikuwa bengi sana, sinema njo ilibafuta, na hiyo inaniumaka roho.

Sasa mapigano. Ile ya batu babili kusimamiana mbali mu barabara muache kabisa. Mu muji wa Tombstone, kule Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, polisi na ba-cowboy balisimama karibu sana, mita mbili tatu hivi, mu kiwanja kidogo pembeni ya studio ya picha, ikaisha mu sekonde kama 30. Na mujini kulikuwa sheria ya kukataza kutembea na silaha, kwa hiyo musivalishe kila mupita njia bastola. Jesse James, mubandi mwenye jina kubwa, naye alipigwa risasi kwa nyuma, ndani ya nyumba yake, na kijana wa kundi yake. Baruti ya wakati ule ilitoa moshi nyeupe nzito: bastola ya mbao, mutu pembeni anapuliza pudre ya batoto, inatosha.

Nguo: Butch Cassidy, mwizi wa mabenki na treni, na benzake balipiga picha mu muji wa Fort Worth (Texas) mu 1900, suti, tai, kofia ngumu za mviringo, unasema bakarani ba benki. Suti ya zamani na kizibao njo mutafute.

Mupige Julai ao Agosti, majani imekauka, vumbi iko. Lakini muangalie vichuguu vyetu, vile vikubwa kama nyumba, kule haviko, kamera igeuke. Na mbele ya siku ya kwanza mupite kwa shefu wa kartye na kwa polisi mubaonyeshe zile bastola za mbao, juu mutu akiziona kwa mbali hatajua ni filme.