Somo: Kupanga timu ya taifa ishambulie kwa watu watano

Kocha wa klabu anaishi na wachezaji wake msimu mzima. Wa timu ya taifa huwapata siku chache tu kwenye kalenda ya FIFA, tena wengine wanafika kambini na uchovu wa mechi ya juzi. Hakuna muda wa kufundisha mifumo mitatu. Chagua mmoja ukolee. Mimi nachagua 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) ambayo tukiwa na mpira inageuka 2-3-5 (wawili nyuma, watatu katikati, watano mbele).

Hatua ya 1: Anza na wanaobaki.
Najua kila mtu anataka kuzungumzia namba tisa, mshambuliaji wa kati. Lakini ukipeleka watano mbele na kuacha nyuma wazi, kaunta moja, yaani shambulizi la kushtukiza, inakumaliza. Mabeki wawili wa kati wanabaki. Mbele yao anasimama namba sita, kiungo mkabaji, na mabeki wa pembeni wanaingia ndani kumsogelea. Namba sita asiyejua kusimama sehemu sahihi simpangi, hata awe na pasi nzuri kuliko wote.

Hatua ya 2: Gawa upana wa uwanja njia tano, kila njia mtu mmoja.
Mawinga wawili wakae kwenye chaki, mstari wa pembeni wa uwanja. Namba tisa awashughulishe mabeki wa kati. Namba nane na namba kumi, viungo wetu wawili wa mbele, wasimame katikati ya beki wa kati na beki wa pembeni wa mpinzani, na hapa ndipo mechi inapopatikana au kupotea. Beki wa pembeni akimfuata kiungo, winga anabaki huru. Akibaki na winga, kiungo anapokea, anageuka na kutazama goli. Wachezaji wenye vipaji hupenda kuufuata mpira, wakajaa upande mmoja na kuzibiana nafasi. Simamisha mazoezi kila mara wawili wanapokutwa njia moja.

Hatua ya 3: Vuta kulia, maliza kushoto.
Pasi fupi ziwakusanye wapinzani upande mmoja, kisha mpira uhamishwe haraka. Winga wa mbali asingojee mpira mguuni, akimbie kuingia boksi. Fainali ya Euro 2024, mashindano ya mataifa ya Ulaya, ilionyesha hivyo: Lamine Yamal alikata ndani kutoka kulia, akatoa pasi kushoto kwa Nico Williams, na Hispania ikapata bao la kwanza dhidi ya Uingereza.

Hatua ya 4: Mpira ukipotea, aliye karibu akabe papo hapo, wengine wafunge njia za pasi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa hiyo beki wa pembeni asipande kabisa?
Jibu: Apande, ila mmoja tu kwa wakati, na winga wa upande wake aingie ndani kumpisha. Katika fainali ileile, dakika ya 86, Marc Cucurella alipanda kushoto, akapiga krosi ya chini na Mikel Oyarzabal akafunga la pili. Beki wa upande wa pili akae nyumbani.

Swali: Wapinzani wakipaki basi, wakajaa wote nyuma, je?
Jibu: Usirushe krosi za juu ovyo. Winga afike mstari wa goli, arudishe mpira chini kwa kiungo anayekuja nyuma ya namba tisa. Mabeki wanakuwa wanatazama goli lao, hawamwoni.

Swali: Sisi hatuna namba tisa wa kweli. Tufanyeje?
Jibu: Mtumie kiungo, ndugu yangu. Mwaka 1953 Hungaria iliifunga Uingereza 6-3 pale Wembley, na Nándor Hidegkuti, aliyevaa namba tisa lakini akirudi katikati, alifunga matatu. Hispania nayo ilimwanzisha Cesc Fàbregas mbele kwenye fainali ya Euro 2012, ikaipiga Italia 4-0. Sharti ni moja: huyo akirudi, winga mmoja au namba nane akimbilie nyuma ya mabeki saa hiyohiyo. Asipokwenda mtu, mabeki wa kati wanapanda kumfuata bila hofu, na mashambulizi yenu yanafia katikati ya uwanja.